Funga mataruma kwanza, sakafu baadaye

Ukishang'oa sakafu ya boti kuukuu ya alumini ukaona bodi inacheza, usikimbilie plaiwudi nene. Laza engo za alumini (umbo la L, milimita 50 kwa 50, unene 3) juu ya mataruma (mbavu za boti zinazokatiza chini) kutoka mbele hadi nyuma, moja kila upande wa mkuku (uti wa chini wa boti), kisha uzifunge kwa ribiti mbili za milimita 4.8 penye kila taruma. Taruma peke yake hulala ubavu likikanyagwa. Likishikwa na wenzake, mzigo unagawanyika. Kabla ya ribiti ya kwanza, ikalishe boti kwenye magogo yaliyosawazishwa na upime kwa kamba kona hadi kona, pande zote mbili zilingane. Ukiifunga ikiwa imepinda, itabaki hivyo hivyo. Juu weka plaiwudi ya milimita 12 kwa skrubu za chuma cha pua. Mbao zilizotiwa dawa ya shaba usizisogeze karibu kabisa, zinakula alumini. Taruma lenye ufa, engo hailiponyi: lichomelewe au liwekewe kiraka kwanza. Na ribiti za chini zilizolegea zitaendelea kuvuja.