Ukienda Marangu kuonja mbege, fanya hivi

Siku hizi ukifika Marangu, huku chini ya mlima Kilimanjaro, unauziwa pakeji ya siku nzima, asubuhi maporomoko ya Kinukamori, alafu mapango ya Wachagga, wahunzi, kahawa ya kutwanga mwenyewe kwenye kinu, na mwisho kabisa ndo unapelekwa kuonja mbege, pombe ya Wachagga ya ndizi na ulezi. Hapo mwisho ndo watu wanapoharibu, maana umetembea kutwa, tumbo tupu, jua limekukausha, unapewa kitu kina utamu wa ndizi na uchachu kwa mbali, kizito kama uji, unasema aa hii sio pombe hii, unapiga kata nzima, kile kibuyu cha kunywea. Nusu saa baadae unataka kuinuka miguu inakataa.

Kwaiyo cha kwanza, kula mchana. Sio biskuti, kula chakula, machalari au mtori ukiupata, na maji unywe njiani mfululizo. Kama pakeji yenu haina chakula mwambie muongozaji mapema asimame sehemu mle, na kama anaweza kuwapeleka mbege kabla ya kahawa na sio saa kumi na mbili jioni, ni bora zaidi, unaonja ukiwa na akili zako na kuna mwanga wa kuona inavyotengenezwa.

Na hilo la kuona usiliruke, ndo raha yenyewe. Omba uonyeshwe jikoni. Ndizi mbivu zinachemshwa masaa mengi mpaka zinageuka nyekundu, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, pembeni kuna ulezi umeloweshwa ukaota, ukaanikwa, ukasagwa, unapikwa uji ambao wenyewe wanauita mso, ukipoa unachanganywa na maji ya zile ndizi yaliyochujwa. Ule uchungu unaousikia mwishoni mwa ulimi ni gome la mti wa msesewe. Kila mama ana mkono wake, mwingine anazidisha gome, mwingine ulezi wake ni mzuri zaidi, ndo maana wenyeji wanajua kabisa mbege ya kwa nani ya kufuata na ya kwa nani ya kuikwepa.

Swali moja tu usisahau kuuliza: "Mama, hii imechanganywa lini?" Akisema jana jioni, ndo yenyewe, bado laini. Ikishakaa zaidi inazidi kuchachuka na ukali unapanda, na hakuna lebo hapo ya kukwambia asilimia ngapi, hata mama mwenyewe hawezi kukupa namba. Mimi naihesabu nusu lita kama bia moja hata kama nimeambiwa ni nyepesi, na umekuja kuonja, nusu lita inakutosha kabisa kujua ladha. Omba kikombe kidogo, usione aibu. Ukitaka kulinganisha za nyumba mbili tatu, basi kila nyumba funda kadhaa tu na katikati unywe maji.

Kuhusu kata. Ukikaa na wazee itazunguka, na mwenyeji ndo anaonja kwanza mbele yenu, ni ustaarabu wa zamani wa kuonyesha kwamba kinywaji ni salama. Wewe toa shikamoo, pokea kwa mikono miwili, kunywa kidogo, pitisha kwa anayefuata, usiing'ang'anie. Kama una mafua au kikohozi omba kikombe chako peke yako, wala hawatanuna. Kama hutumii kilevi sema tu "asante meku, mimi situmii" (meku ni mzee), au gusisha midomo upitishe, inatosha. Rafiki yangu mlokole yeye huwa anaomba aonje mso kabla haujachanganywa, anapata ladha ya ulezi bila pombe, na mama anafurahi kwamba kuna mtu anajali kazi yake.

Mjue pia mko kwenye kitu cha watu. Kwa Wachagga mbege inaenda kwenye posa, kwenye matanga, na kwenye kuombana msamaha pamoja na jani la sale, kwaiyo kuja na simu unawarekodi wazee wamelewa ukarushe mtandaoni ni utovu wa adabu. Omba ruhusa kwanza. Na hii tabia ya wageni kununulia kilabu kizima ndoo baada ya ndoo ili washangiliwe, mi siipendi aisee. Nyie mnapanda gari mnaondoka, baba wa watu anarudi nyumbani saa tatu usiku hajielewi, anayepata tabu ni mke na watoto. Kama una hela ya kutoa mpe mama aliyepika, mlipe vizuri kwa kukuonyesha kazi, wazee wanunulie raundi moja ya heshima basi.

Alafu kuna kile kichupa cha soda. Ukikaa sana kilabuni atatokea mtu wa kukunong'oneza ana kitu kikali, gongo, wengine wanaita piwa. Kataa hapohapo. Mbege haikenekwi, hiyo nyingine inakenekwa kwa kujificha, hujui ilipikiwa kwenye nini wala imeongezwa nini, watu wamepofuka na kufa kwa pombe zilizochanganywa spiriti yenye sumu, na isitoshe ni kosa kisheria, hutaki likizo yako iishie polisi Himo.

Wa kutoonja kabisa: mjamzito, aliye chini ya miaka 18, anayemeza flagyl au dawa za TB. Mwenye presha anayetumia dawa aongee na daktari wake kwanza, maana huo msesewe ni jamaa wa miti iliyotoa reserpine, dawa ya zamani ya kushusha presha. Na kama kesho yake unaanza kupanda mlima kupitia geti la Marangu, acha mbege mpaka ushuke. Pombe inakukausha na kukuharibia usingizi, na huko juu ukiamka kichwa kinauma hutajua ni hangova au ni mlima wenyewe umeanza kukushika.

Usafiri upange kabla hujaonja, sio baada. Barabara ya kushuka Himo ina mteremko na kona, jioni daladala za kwenda Moshi zinapungua, na kahawa haikutoi pombe mwilini, kinachoitoa ni muda tu. Kitu ambacho watu wanasahau ni dereva, yani nyie mko ndani mnaonja, bodaboda au dereva wa Noah anawasubiri nje masaa mawili amechoka, na kilabu kipo hapo mbele yake. Mkaribisheni ndani, mnunulieni nyama na soda, muwe mnamuona. Mkikuta kaonja na yeye, tafuteni mwingine, hata kama mlishamlipa. Na kama mmelala hukohuko msitembee usiku kwenye vichochoro vya migomba bila tochi na bila mwenyeji, mifongo, ile mifereji ya maji ya mashambani, imepita kila mahali, ukiteleza unaogeshwa.

Desemba zidisha umakini mara mbili, Wachagga wote wamerudi nyumbani, mbege iko kila boma na kila ukipita unaitwa. Pita, salimia, kaa, lakini sio kila boma lazima unywe.

Na ukipewa zawadi ya kubeba, usijaze dumu mpaka juu ukafunga kwa nguvu, bado inachachuka na gesi inaongezeka, dumu linavimba, likipasuka kwenye basi utawalipa watu nguo zao. Acha nafasi, mfuniko uwe umelegea kidogo, dumu lisimame wima miguuni kwako, na inywewe siku hiyohiyo. Ya kupeleka mpaka Dar achana nayo, itafika siki.