Daftari la "hakuna": kupanga duka na mgahawa wa mtaani kwa maneno ya wateja

Mteja akiulizia tambi, ukamjibu "zimeisha", akaondoka, ameshakuachia habari ya bure. Ikifika jioni umeisahau. Kwenye duka la mtaani lenye meza mbili tatu za chai, iwe Mbagala au Tandika, sanduku la maoni hubaki tupu. Maoni yako kwenye kilichoombwa kikakosekana, kilichobaki kwenye sahani, na kilichorudishwa na mtoto aliyetumwa.

Nunua daftari la kawaida, ulifunge kwa kamba kando ya mizani pamoja na kalamu yake. Likikaa kwenye droo, hakuna atakayeandika. Chora safu nne: saa, alichotaka, kiasi, na alichofanya baadaye. Safu ya mwisho ndiyo inayouma: "kaondoka", "kachukua kingine", "atarudi".

Andika maneno yake kama alivyoyasema. Mtoto anasimama mbele ya kaunta, sarafu ya mia tano imebanwa kiganjani, anasema: "Mama kasema sukari nusu robo." Usiandike "sukari", maana sukari unayo. Andika "sukari nusu robo", yaani gramu 125. Kilichokosekana ni kipimo, kwa sababu ulizofunga zote ni za nusu kilo. Hapo huhitaji mtaji mpya, unahitaji kufunga pakiti kumi za nusu robo jioni kabla ya kufunga duka. Mtoto huyo akirudi na kitu mkononi, usimgombeze. Muulize mama kasemaje, uandike.

Chenji nayo iwe na alama yake, herufi C inatosha. Asubuhi wengi huondoka si kwa kukosa bidhaa, bali kwa kuwa wana noti ya elfu kumi na wewe huna cha kurudisha. C zikizidi tatu kwa siku, kabla ya kuongeza bidhaa yoyote tafuta sarafu za 100 na 200 jioni kwa makondakta wa daladala.

Endelea hivyo kwa siku 30, usikate shauri kwa wiki moja. Mshahara ukitoka watu huulizia mchele kilo tano. Katikati ya mwezi ni walewale wanaotaka robo. Mwezi wa Ramadhani uuwekee kurasa zake: chai ya asubuhi hushuka, halafu jioni huulizwa tende, tambi na magimbi. Ukichanganya hesabu hizo na za miezi mingine zitakupoteza.

Kila Jumapili jioni hesabu watu, si mara. Jirani mmoja aliyeulizia siagi mara tisa ni mtu mmoja. Kitu kilichoombwa na watu watano tofauti ndani ya wiki mbili kinastahili kujaribiwa, na kujaribu maana yake ni kununua nusu ya kilichoombwa. Anza na vitu ambavyo masalia yake yana kazi nyingine. Maziwa yakibaki yanageuka mtindi. Mayai yakichelewa kutoka mabichi, yachemshe uyauze mezani. Tuseme trei ya mayai 30 umeinunua 9,000, unauza yai 400: yote yakitoka faida ni 3,000, lakini yakivunjika mawili tu inashuka hadi 2,200. Ndiyo maana trei ya kwanza iwe moja, hata kama daftari limejaa mayai.

Kuna wanaoulizia sana na hawanunui. Mara nyingi walitaka kujua bei, au walitarajia kukopeshwa. Kwa hiyo kila anayeulizia mtajie bei palepale, kisha uandike alivyojibu. "Leta, nitachukua mawili" si sawa na "aa, nitaona."

Mezani usiulize "chakula kizuri?" Kwa heshima kila mtu atajibu kizuri. Uliza jambo lililotokea: "Kaka, jana ulikunywa chai wapi?" au "Mama, leo ulitaka nini ukakikosa?" Kisha tazama sahani inapoondolewa. Chapati zilizoachwa kingo zimekaa wazi zikakauka, au chuma hakikupata moto sawasawa. Zifunike kwa kitambaa safi mara zinapotoka. Vikombe vinavyoachwa nusu kila siku, chai imezidi sukari: pika bila sukari, weka bakuli mezani. Na bodaboda wanaochungulia saa 12 asubuhi wakaondoka wamekuta maandazi hayajaiva. Unga wa hamira unahitaji kama saa moja kuumuka, basi ukandwe saa 10 alfajiri, si saa 11.

Malalamiko ya vipimo yashughulikie siku hiyohiyo, kwa kuwa husambaa mtaa mzima. Geuza mizani imtazame mteja, na iwe na alama ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo.

Msaidizi wako ndiye anayesikia mengi kuliko wewe. Ukimkaripia au kumkata hela kwa kilichoandikwa, kesho yake daftari litakuwa jeupe, na utadhani mambo yameenda vizuri. Lawama iliyomhusu yeye izungumzeni faragha, isisomwe mbele ya wateja.

Kisha wajibu watu. Ubao mdogo mlangoni, chaki, mistari miwili: "Mlisema chai ina sukari nyingi. Sasa sukari iko mezani." Usichoweza nacho kiandike: "Samaki wabichi hatutaleta, friji haitoshi." Aliyejibiwa hapana kwa sababu inayoeleweka huendelea kusema. Kitu kipya kikikaa wiki tatu bila kutoka hata nusu, kipunguzie bei kiishe, usikirudie, na kwenye daftari andika tarehe uliyokiondoa ili mwezi ujao usikinunue tena.