Somo: Siku tatu Taita Taveta kwa kufuata reli ya vita, kutoka Voi hadi Ziwa Chala

Wageni wengi wakishuka Voi huniuliza mlango wa mbuga uko wapi, basi. Siwalaumu. Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zimemeza zaidi ya nusu ya kaunti yetu, na ndovu mwekundu kwa vumbi ni picha nzuri. Lakini mbuga ina watu wa kutosha wa kuitangaza. Mimi nawapa njia ninayowapitisha wageni wangu: barabara ya Voi kwenda Taveta, kama kilomita 110, inayokwenda bega kwa bega na reli iliyojengwa kwa sababu moja tu, Vita Kuu ya Kwanza. Ukiishika reli hiyo, vilima, makaburi, maziwa na masoko yanajipanga yenyewe.

Hatua ya 1: Chagua majira

Mvua za masika ni Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba. Barabara kuu ni ya lami, haina shida, ila njia za kupanda milimani na za kushuka maziwani huwa utelezi mtupu. Juni hadi Septemba ni kukavu, lakini Wundanyi kuna ukungu na baridi ya kukufanya uulize kama kweli uko karibu na Pwani. Beba sweta. Wakati huohuo Voi unatoka jasho.

Hatua ya 2: Fika Voi mapema, anza na makaburi

Kutoka Nairobi au Mombasa panda treni ya SGR ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani, si ile inayopita moja kwa moja. Ukishuka, kabla ya chai, nenda kwenye makaburi ya vita ya Voi. Ni mahali padogo, nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa safu. Mtafute Wilbur Dartnell, luteni kutoka Australia. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, alijeruhiwa mguu, akakataa kubebwa, akabaki na majeruhi wenzake akitumaini kuwaokoa. Waliuawa wote. Alipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, baada ya kufa. Nakuanzishia hapa kwa sababu jina la Maktau utalikuta tena kesho, na litakuwa na uso.

Hatua ya 3: Panda Wundanyi, ulale huko

Matatu za Wundanyi zinapitia Mwatate, kisha zinaanza kupinda. Kutoka Voi, kwenye kama mita 600 juu ya usawa wa bahari, utapanda hadi zaidi ya mita 1,300. Mkonge wa Mwatate unabaki chini, unaingia kwenye migomba, mahindi na mashamba ya ngazi.

Ukiwa na gari lako, tumia gia ndogo wakati wa kushuka. Mwaka fulani nilishuka na rafiki aliyekanyaga breki tangu juu mpaka kona ya mwisho. Tulisimama magurudumu yakitoa moshi, mama mmoja akatuletea ndoo ya maji, tukamwomba ayaweke tu kando. Chuma cha moto hakimwagiwi maji, kinaachwa kipoe.

Juu huko kuna mambo mawili ya kuona. Kwanza msitu wa Ngangao, mmoja wa mabaki ya msitu uliowahi kufunika vilima hivi. Vilima vya Taita ni ncha ya kaskazini ya safu ya milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Tanzania, na kwa kuwa vimezungukwa na nyika kavu kama kisiwa, vina viumbe wasiopatikana kwingine duniani. Yuko ndege mmoja wa jamii ya mkesha, mweusi kichwani, mdomo wa rangi ya chungwa, ambaye makao yake ni vipande hivi vichache vya msitu, basi. Nenda na mlinzi wa msitu, na uende saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukienda saa nne utaona miti.

Pili, kilele cha Vuria, mita 2,208, kirefu kuliko vyote hapa. Usishangae kukuta milingoti ya mawasiliano kule juu. Siku isiyo na ukungu utaiona Kilimanjaro upande wa magharibi, na nyika yote ya Tsavo chini yako.

Jioni ulizia kimanga, muhogo au viazi vilivyopondwa pamoja na maharagwe. Mkahawani wakikwambia hakuna, waombe wakupikie kesho. Ndivyo nilivyofanya mimi.

Hatua ya 4: Shuka Mwatate, shika barabara ya Taveta

Sasa tunaingia kwenye kiini cha safari. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Wajerumani walivuka mpaka na kuiteka Taveta tarehe 15 Agosti 1914. Ramani inaeleza kwa nini: Taveta iko kwenye mwanya kati ya Kilimanjaro na milima ya Upare, mlango wa kutoka Moshi kuja huku. Kutoka hapo vikosi vyao vidogo vilikata nyika usiku, vikija kutega baruti kwenye reli ya Uganda. Waingereza walitaka kuwafukuza, lakini kati ya Voi na Taveta hakuna maji ya kunywesha jeshi. Ndipo 1915 wakaanza kujenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi, na maji wakayavuta kwa bomba kutoka vilima vya Bura.

Bura penyewe simama dakika ishirini. Misheni ya Kikatoliki imekuwapo tangu 1892. Endelea hadi Maktau, iliyokuwa kambi kubwa, na utakuta makaburi madogo ya wanajeshi wa Kihindi. Kisha Mbuyuni. Treni ya Taveta iliacha kupita zamani, lakini vyuma vya reli utaviona pembeni, mbuzi wakilala juu yake.

Hatua ya 5: Panda Salaita

Kama una muda wa jambo moja tu, liwe hili. Salaita ni kilima cha kawaida sana kabla ya kufika Taveta. Ukipita kwa kasi hutakiona, hata ukikiona utauliza kina nini. Simamisha gari. Tafuta kijana wa hapo akuongoze, mlipe vizuri, upande. Kama nusu saa inatosha.

Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza waliamua kukichukua. Walikuwa na wanajeshi wapya kutoka Afrika Kusini, ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kupigana na jeshi la Waafrika na waliamini itakuwa kazi ya asubuhi moja. Mizinga ikapiga kilele, ikapiga, ikapiga. Tatizo ni kwamba kileleni hapakuwa na watu wa maana. Mahandaki ya kweli yalichimbwa chini, kwenye nyayo za kilima, yakafichwa vichakani. Wale wa Afrika Kusini walipokaribia, askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wengi wao Waafrika, waliwamiminia risasi za rashasha kisha wakawajia kwa singe. Zaidi ya watu 130 wa Afrika Kusini waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Waliobaki wakakimbia, na waliosimama kuwakinga ni kikosi cha Wabaluchi kutoka Uhindi, walewale waliokuwa wakidharauliwa kambini kwa rangi yao. Inasimuliwa kwamba Wabaluchi waliokota bunduki za rashasha zilizotupwa, wakawarudishia wenyewe pamoja na ujumbe wa adabu wa kuwaomba wasiwadharau tena.

Ukiwa juu, geuka upande wa mashariki uone uwanda walioukata kwa miguu, hauna pa kujificha. Shuka tena ukatafute mistari ya mahandaki. Bado ipo, imejaa miiba.

Wenyeji watakuonyesha pia mbuyu wenye shimo na kukusimulia habari za mwanamke Mjerumani aliyejificha ndani yake akidungua watu. Sikiliza, ni hadithi tamu. Mimi huisimulia kama nilivyoipokea, kwa neno "wanasema".

Hatua ya 6: Taveta mjini

Jaribu kufika Jumatano au Jumamosi, siku za soko. Ndizi zinapangwa kwa malori, na Kiswahili cha Moshi na cha Mombasa vinabishana bei juu ya meza moja. Makaburi ya vita ya hapa nayo yanatunzwa vizuri.

Nje ya mji, juu ya kilima, kuna jumba la Ewart Grogan, mlowezi aliyejulikana kwa kusafiri kutoka Cape hadi Cairo mwishoni mwa karne ya 19, na baadaye akalima mkonge huku. Kwa macho yangu jumba halina uzuri wowote. Mandhari kutoka pale ndiyo utakayoikumbuka. Ulizia kwanza mjini kama linafunguliwa.

Hatua ya 7: Chala asubuhi, Jipe jioni

Chala ni ziwa la kasoko, limekaa ndani ya tundu la volkano ya kale, nusu Kenya nusu Tanzania. Kuna mwinuko, unaupanda hujui kuna nini, halafu ghafla ardhi inakatika na chini yako kuna maji ya samawati mazito. Yanalishwa zaidi na maji ya chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro. Tena lina habari ya vita: Machi 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts lilizunguka kupitia upande huu, na Wajerumani wakaiacha Salaita bila pigano jingine.

Jipe ni kinyume chake: ziwa la chini, pana, limezingirwa na matete, viboko wakikohoa humo ndani, na milima ya Upare ng'ambo. Matete yanazidi kulibana mwaka hadi mwaka. Jua likizama nyuma ya milima, wavuvi wakivuta mitumbwi, utakaa kimya tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, kutoka Moshi: Mkuu, sisi wa huku lazima tuzunguke hadi Voi?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Ninyi mko karibu kuliko watu wa Nairobi. Vukeni Holili mkiwa na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, ukaguzi wa nchi zote mbili uko mahali pamoja. Lisomeni somo kutoka mwisho: Chala na Jipe, Salaita, kisha milimani.

Swali: Je, Chala kunaogeleka? Nimeona video watu wakiruka majini.

Jibu: Usiingie. Machi 2002 msichana Mwingereza aliuawa na mamba katika ziwa hilo. Watu walikuwa wakiamini mamba wamekwisha. Zaidi ya hapo, kingo ni za mwamba mkali na maji yana kina cha kutisha hatua chache tu kutoka ukingoni. Kaa juu, kula ndizi zako, piga picha.

Swali, kutoka kwa dada mmoja wa Kisumu: Shikamoo mwalimu. Nimesikia kuna mapango ya mafuvu ya vichwa. Mbona hukuyataja? Nataka kuwapeleka wanafunzi.

Jibu: Marahaba dada. Sikuyataja makusudi. Zamani Wadawida, yaani Wataita, walizika maiti, na baada ya muda wakalifukua fuvu na kuliweka na ya wazee wengine wa ukoo kwenye upenyo wa mwamba. Yako mengi hadi leo. Yale si maonyesho, ni babu za watu. Pitia kwa chifu au wazee wa ukoo wenyewe, waeleze una wanafunzi wangapi, na wakisema kamera zibaki kwenye basi, zibaki. Wakikukatalia, usitafute kijana wa kukupitisha kwa mlango wa nyuma.

Swali: Simba wala watu wa Tsavo wanaonekana wapi?

Jibu: Chicago! Wale wawili walioshambulia wajenzi wa daraja la reli mwaka 1898 waliuawa Desemba mwaka huohuo, na ngozi zao ziliuzwa kwa makumbusho ya huko 1924. Huku umebaki mto wa Tsavo na mahali pa daraja, kwenye barabara ya Nairobi kabla ya kufika Voi.

Swali, kutoka Kasigau: Mghosi, umeandika vita vyote hivyo ukatusahau sisi? Mwaka 1915 babu zetu walihamishwa kijiji kizima.

Jibu: Nimekosa, na nakubali. Mlima Kasigau uko mbali na reli, nami nikafuata reli kama ng'ombe wa kulimia. Kwa wasiojua: Wajerumani walipokishambulia kituo cha Waingereza pale Kasigau, Waingereza waliwatuhumu wenyeji kuwa ndio waliowaonyesha njia. Wakawaswaga watu hadi Malindi, ambako wengi walikufa, na waliosalia walikaa ugenini miaka mingi kabla ya kurudishwa. Mwenye siku ya nne aitumie huko. Ndugu, kama kuna mzee anayeweza kuwapokea wageni na kuwasimulia, nitumie ujumbe wa faragha, nitaongeza hatua ya 8.

Swali: Babu wa baba yangu alichukuliwa kubeba mizigo vita hivyo, hakurudi. Je, jina lake naweza kulipata kwenye makaburi ya Voi au Taveta?

Jibu: Pole sana. Nisikudanganye, uwezekano ni mdogo. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa, na wengi walizikwa walipoangukia, bila jiwe wala jina. Kilichobaki cha kikosi chao ni mitaa: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, zote zimetokana na jina lake la Kiingereza, Carrier Corps. Hata hivyo njoo. Makaburini pale Taveta kuna daftari la wageni. Mara ya mwisho nilipolifungua, mtu wa Machakos alikuwa ameandika jina la babu yake kwenye nafasi ya jina la mgeni, na chini yake jina la kijiji alichotoka.