Namna ya Kujifunza "Body and Soul" kwa Kinanda

Wapiga kinanda wengi wa kwaya hapa Moshi wanasoma solfa bila shida na wamezizoea sauti nne tangu utotoni, na kwa maoni yangu huo ni msingi bora wa kujifunza baladi ya jazi, yaani wimbo wa polepole, nikimaanisha jazi ya Marekani, si ile ya bendi zetu za dansi. Mimi huanza na "Body and Soul", wimbo wa mwaka 1930 ambao melodi yake ilitungwa na Johnny Green.

Kwanza uimbe. Weka mwendo wa mapigo 60 hivi kwa dakika, uimbe vipimo (bars) vyote 32 kwa mpangilio wake wa A, A, daraja (sehemu ya kati yenye melodi tofauti) na A, kabla hujagusa kinanda. Coleman Hawkins, aliyeurekodi kwa saksafoni jijini New York tarehe 11 Oktoba 1939, aligusa melodi mwanzoni tu kisha akaiacha, lakini usimwige kabla melodi yenyewe haijakukaa kichwani.

Ufunguo uliozoeleka ni D flati, na hapo ndipo wengi hukimbilia kitufe cha kuhamisha ufunguo ili wapige kama wako C. Nakusihi usikibonyeze, kwa sababu daraja la wimbo huu hupanda nusu toni, kisha hushuka toni nzima: ukianzia D flati utafika D na halafu C, funguo nyepesi kabisa, ilhali aliyejificha C atajikuta D flati ileile aliyoikimbia, kisha B yenye shapu tano.

Katika sehemu ya A, kodi (chord, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya kwanza si ya do bali ya re, yaani E flati maina saba (Ebm7), na kodi ya do husubiri mpaka kipimo cha tatu. Sikiliza pia besi inavyoshuka baada ya hapo: F, E, E flati. Ukiiharakisha, subira hiyo yote hupotea.

Mahali pa kukaa muda mrefu ni mwisho wa daraja, wimbo unaporudi kutoka C. Mkono wa kushoto upige C, na wa kulia E pamoja na B flati. Shusha vidole vyote vitatu nusu toni, kisha nusu toni tena, mpaka kushoto uwe B flati na kulia D na A flati. Sasa kushoto uende E flati, D ishuke hadi D flati, na A flati hadi G flati: umerudi kwenye kodi ya kwanza ya wimbo. Rudia hatua hizo nne polepole mpaka mikono izizoee, ndipo uimbe melodi juu yake.