Kabla hujatuma msimbo wako kwenye mradi huria

Soma README, faili inayoeleza mradi ni wa nini. Soma CONTRIBUTING, inayoeleza namna ya kuchangia. Soma leseni. Huna nusu saa ya kusoma hayo matatu? Basi hata muda wa kuchangia huna.

Kwenye leseni, hakikisha kwanza kwamba ipo. Msimbo kuonekana mtandaoni hakuufanyi kuwa huria; pasipo leseni, haki zote ni za aliyeuandika. Kisha jua ni ipi. Leseni ya MIT inamruhusu yeyote auchukue na kuufungia ndani ya bidhaa yake. Leseni ya GPL inamtaka anayesambaza programu iliyotokana nao atoe na msimbo wake kwa masharti yaleyale. Kama hilo la MIT litakuuma, lijue mapema.

Badiliko kubwa, uliza kabla ya kuandika. Kusahihisha herufi iliyokosewa, tuma tu.

Hapa sasa nenda taratibu: ukitumia Git, programu inayotunza historia ya msimbo, usiandike `git add .`, amri ya kuchagua faili za kubeba, kwa mazoea.

Nilikuwa narekebisha hitilafu ya mistari sita. Ili niijaribu nilihitaji huduma ya kukodi seva, kwa hiyo ufunguo wangu wa siri nikauweka kwenye faili ya .env, ndani ya folda ileile ya mradi. Usiku, macho mazito, nikaandika `git add .`, nikakomiti (yaani nikahifadhi badiliko kwenye historia), nikasukuma (yaani nikalituma mtandaoni). Ile nukta ya mwisho maana yake ni "beba kila kilichomo humu". Nilipopitia orodha ya mabadiliko nikaiona .env imekaa pale juu, moyo ukanipiga paa. Haraka haraka nikaifuta, nikakomiti tena, nikasukuma, nikashusha pumzi na kwenda kulala.

Maji yalikuwa yameshamwagika. Ukifuta faili kwenye Git, komiti iliyotangulia inabaki nayo vilevile. Anayerudi hatua moja nyuma anausoma ufunguo wote. Na si lazima awe mtu. Zipo programu zinazopekua msimbo wa wazi usiku na mchana zikitafuta funguo za namna hiyo tu. Asubuhi nilikuta seva nisizozijua zinaendeshwa kwa jina langu na bili inapanda. Sehemu ya bili ile niliilipa mimi, baada ya wiki kadhaa za kuandikiana na watu wa huduma kwa wateja.

Kwa hiyo shika mpangilio huu. Ufunguo ukivuja, ubatilishe kwanza kulekule ulikotolewa, dakika hiyohiyo. Kusafisha historia kutafuata, na hata ukiisafisha, chukulia kwamba nakala ziko kwa watu. Ili usifike huko, andika .env kwenye .gitignore, orodha ya faili ambazo Git isizibebe, kabla faili yenyewe haijaingia kwenye Git, maana ikishaingia .gitignore haiigusi tena. Ongeza faili mojamoja kwa jina lake. Halafu `git diff --staged`, inayokuonyesha kilicho tayari kukomitiwa, usome mstari kwa mstari. Ukikuta mstari usiokumbuka kuuandika, usikomiti.

Kila komiti inabeba pia jina na barua pepe yako, na yeyote anaweza kuviona. Angalia `git config user.email` inasema nini kabla hujaanza.

Miradi mingine, Linux ikiwemo, inataka mstari wa Signed-off-by. Kwa mstari huo unathibitisha kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo, usiugonge kama mhuri. Ukiwa mwajiriwa, toa mkataba wako uusome tena, kwa sababu ipo inayompa mwajiri kila unachoandika, hata ulichoandikia nyumbani. Omba ruhusa, tena kwa maandishi. Kompyuta ya kazini iache kazini. Msimbo ulionakili mahali usipopakumbuka, utoe. Majaribio ya mradi yaendeshe yote, si yale ya faili yako peke yake. Na ukisinzia, usisukume kitu. Hitilafu hiyo utaikuta kesho.