SOMO: Mbwa wa shelta (makazi ya mbwa wasio na mwenyewe) kakutwa na minyoo ya moyo, matibabu yako hivi

Wakuu habari za muda huu. Tangu mbwa wetu Bosi amalize matibabu naulizwa sana, hasa na ndugu walioko Texas, Louisiana, Mississippi na Florida, kwahiyo nimeona niandike yote sehemu moja. Huku ukanda wa Ghuba ya Mexico mbu hawana likizo, joto na unyevu mwaka karibu mzima, na mbwa wengi wa shelta walilala nje miaka bila dawa yoyote. Ukiona karatasi ya mbwa imeandikwa HW+ (heartworm, yaani minyoo ya moyo, kapatikana nayo) ujue ndo hii. Watu wengi wakiona hivyo wanaruka wanaenda kwa mbwa wa pembeni, na mbwa mzuri kabisa anabaki pale kwa ugonjwa unaotibika.

Ugonjwa wenyewe kwa kifupi. Mbu anamuuma mbwa mgonjwa, ananyonya damu yenye vitoto vya minyoo, vinakomaa kidogo ndani ya mbu, halafu akimuuma mbwa mwingine anamwachia. Baada ya miezi kama sita au saba vinakuwa minyoo mikubwa inayokaa kwenye mishipa ya damu inayotoka moyoni kwenda mapafuni, na ikizidi inaingia hadi moyoni upande wa kulia. Minyoo jike inafika hadi sentimita 30, nyembamba kama tambi, na inaweza kuishi humo miaka 5 hadi 7.

Sasa sikilizeni hapa maana ndo penyewe. Sindano anachoma daktari, hiyo kazi ni yake na ataimaliza kwa dakika chache. Kazi yako wewe ni kumzuia mbwa asikimbie, na hiyo ni ya miezi. Minyoo hii ikifa haitoki na choo kama ile ya tumboni, inafia humo humo kwenye mishipa, inakatika vipande vipande na damu inavisukuma kwenye vimishipa vidogo vya mapafu. Mbwa akitulia mwili unavila taratibu. Akikimbia, moyo unasukuma kwa nguvu, vipande vinaziba njia, na mbwa aliyekuwa anacheza asubuhi jioni unamkuta anatema damu. Wanaopoteza mbwa katikati ya matibabu wengi wanapotezea hapo.

HATUA YA 1: Kipimo kirudiwe
Shelta wanapima haraka kwa tone la damu, kipimo kinachotafuta protini ya minyoo jike iliyokomaa. Daktari wako arudie, na aangalie pia damu kwenye darubini kama kuna vile vitoto. Kisha eksirei ya kifua na vipimo vya figo na ini, ili ajue ugonjwa uko daraja gani. Kuna madaraja manne. La kwanza na la pili mbwa hana dalili au anakohoa kidogo, la tatu anachoka na kukonda, la nne minyoo imejaa mpaka imeziba moyo, anazimia, mkojo unakuwa rangi ya kahawa, na huyo haanzi na sindano, kwanza anafanyiwa operesheni ya kuivuta minyoo kupitia mshipa wa shingoni. Mwombe pia apime magonjwa ya kupe siku hiyo hiyo, mbwa wa nje wengine wanayo yote mawili.

HATUA YA 2: Vidonge na kinga, kabla ya sindano yoyote
Hapa watu wanalalamika "mbona hawaui minyoo wanatoa antibayotiki". Ndani ya hiyo minyoo kuna bakteria wanaitwa Wolbachia, minyoo inawategemea. Doksisaiklini inawaua hao, minyoo inadhoofika, na ikija kufa mapafu hayavimbi sana. Dozi ya kawaida ni miligramu 10 kwa kila kilo ya mbwa, mara mbili kwa siku, siku 28. Mpe na chakula, usimpe tumboni patupu, atatapika na mtagombana.

Siku hizo hizo anaanzishiwa kinga ya kila mwezi, yaani dawa ya kuzuia minyoo hii, ili mbu wasimwongezee mingine na vitoto vichanga vife. Dozi ya kwanza ya kinga apewe kliniki au angalau ukae naye siku nzima umwangalie, maana kama damu imejaa vitoto, vikifa kwa mkupuo mwili unaweza kushtuka. Wengine wanapewa na prednisoni, dawa ya kupunguza uvimbe, na hiyo ujiandae, mbwa anakunywa maji kama hana akili nzuri na anataka kutoka kukojoa saa nane usiku.

Vidonge vikiisha kuna mwezi mmoja wa kusubiri bila kitu kikubwa. Sababu ni kwamba kuna minyoo ya umri wa kati, imeshakua kiasi cha kushindikana na kinga ila bado changa kwa ile sindano, kwahiyo inasubiriwa ikue iuawe pamoja na wenzake. Kuna madaktari wanauruka huu mwezi, muulize wako sababu zake.

HATUA YA 3: Sindano
Dawa ni melasomini, ina asili ya arseniki, kwahiyo msiniulize inauzwa wapi ukachome mwenyewe. Ratiba ya American Heartworm Society, chama cha Marekani cha ugonjwa huu, ni sindano tatu, ukihesabu toka siku ya majibu: siku ya 61 moja, siku ya 90 ya pili, siku ya 91 ya tatu. Ile ya kwanza inaua sehemu tu ya minyoo, mwili unapewa mwezi wa kusafisha, ndipo zinakuja mbili za kumalizia. Kuna ratiba ya zamani ya sindano mbili, bei nafuu kidogo, lakini ratiba ya sindano tatu inaua kama asilimia 98 wakati ya sindano mbili ni kama 90. Mimi ningekopa hiyo tofauti.

Inachomwa ndani kabisa kwenye misuli ya mgongo kiunoni, na inauma jamani. Bosi jioni ile alishuka kwenye gari akasimama tu barazani, mgongo kaupinda, anataka kulala anaogopa kulala, anainama nusu anarudi juu. Mwishowe alilala kwa kifua kwanza, matako yakafuata taratibu. Chakula alinusa akaacha. Hiyo siku mbili tatu ni kawaida. Usimpapase mgongoni, usimnyanyue kwa tumbo, tandika kitu laini chini, dawa ya maumivu ni ile uliyopewa na daktari TU. Panadol na ibuprofeni za kwenye kabati lako ni sumu kwake.

HATUA YA 4: Jela
Hii inaanza siku ya majibu, inakaza siku ya sindano ya kwanza, na inaisha wiki 6 hadi 8 baada ya sindano ya mwisho. Anakaa kwenye kreti (kizimba cha mbwa) au chumba kidogo. Chooni anaenda na kamba fupi, hata kama uwanja wako una fensi, maana kindi mmoja akipita tu kazi yote imeharibika. Ngazi hapana, kuruka kwenye kochi hapana. Kengele ya mlango toa betri, na wageni waambie wakifika wapige simu kwanza. Watoto waambieni ukweli kwamba akikimbia anaweza kufa, wanaelewa kuliko watu wazima.

Akili yake nayo inahitaji kazi. Mpira wa kujaza chakula, unasindilia siagi ya karanga unagandisha friza, unamnunulia nusu saa ya amani. Soma kopo kwanza, siagi ikiwa na xylitol (kitamu cha badala ya sukari) usimguse nayo, inaua mbwa. Chakula punguza kidogo, hatembei. Akishindikana kabisa omba dawa ya kumtuliza, trazodoni au gabapentini, na usione aibu, madaktari wa mifugo wanazitumia sana kwa hilo.

Kipindi cha kumkazia macho ni kuanzia kama wiki moja baada ya kila sindano mpaka wiki ya nne. Akikohoa kuzidi, akihema amelala, fizi zikipauka, homa, damu, kuzimia, usiandike humu kuuliza, nenda hospitali ya dharura.

HATUA YA 5: Kuhakikisha
Mwezi mmoja baada ya sindano za mwisho wanaangalia vitoto kwenye damu. Kipimo kikubwa ni kama miezi 9 baada ya sindano ya mwisho, usikimbilie kupima mapema ukapata presha bure. Na kinga inaendelea maisha yake yote, kila mwezi, hata baridi. Kupona hakumpi kinga, mbu akimuuma kesho mnaanza upya.

Karibuni maswali.

---

Mama Shani: Asante sana kaka. Mimi nina mwingine ndani, wanakula bakuli moja, wanalala pamoja. Huyo mzima si ataambukizwa? Na watoto wangu je, wanamkumbatia huyu mgonjwa kila saa.

Jibu: Dada ondoa hofu, hawaambukizani kwa bakuli wala kulambana, lazima ipite kwa mbu. Ila mbu yuko hapo hapo nyumbani kwenu, kwahiyo huyo mzima apimwe na aanze kinga wiki hii. Watoto kwa mbwa hawapati. Binadamu mara chache sana mbu akimwachia, minyoo inashindwa kukua, inafia njiani. Kama una paka pia muulize daktari, paka wanapata na kwao ile sindano haitumiki kabisa.

Msukuma_Minnesota: mkuu mimi nimemchukua mbwa kaletwa na gari toka Texas, karatasi inasema negativu. Niko salama au

Jibu: Hiyo negativu inasema habari za miezi sita iliyopita, mkuu. Kama mbu alimuuma mwezi uliopita kipimo hakioni kitu. Mpe kinga sasa, mrudishe kupima baada ya miezi sita, halafu kila mwaka. Hata baada ya kimbunga Katrina 2005 mbwa wengi wa Louisiana na Mississippi walisambazwa majimbo ya mbali, na minyoo ikasafiri nao, kwahiyo usidhani kaskazini mko nje ya hii habari.

Wanjiru wa Dallas: Wueh, nimeambiwa bei hapa nikakaa chini. Si kuna ile njia ya polepole, unampa tu kinga ya kila mwezi na antibayotiki inakufa pole pole? Rafiki yangu alifanya hivyo na mbwa wake ako sawa.

Jibu: Ipo, wanatumia moksidektini, kinga ya kupaka kwenye ngozi, na doksisaiklini, na kuna mbwa kweli zinawafaa, mfano mzee au mwenye figo mbovu au pale sindano haipatikani. Shida ni muda. Minyoo inaweza kuchukua mwaka au zaidi kuisha, wakati huo wote inaendelea kukwaruza mishipa na mapafu, na huo wote ni muda wa kutokimbia pia, watu hilo hawaambiwi. Kabla hujakata tamaa na bei, zungukia kliniki tatu nne, tofauti ni kubwa sana, na dozi inaenda kwa uzito kwahiyo mbwa mdogo ni nafuu. Halafu rudi kwa waliokupa mbwa uwaulize kama unaweza kubaki mlezi mpaka apone ndipo umchukue rasmi, makundi mengi ya uokoaji yanalipia matibabu kwa mtindo huo.

bwana_shamba: Huku dukani kwa wafugaji ivamektini ya ng'ombe chupa nzima bei ya soda. Si dawa ile ile ya kinga?

Jibu: Dawa ile ile, hesabu siyo. Kinga ya mbwa ni mikrogramu 6 kwa kilo kwa mwezi, ile chupa imetengenezwa kwa mnyama wa kilo mia tano. Ukikosea tone umemzidishia mara nyingi, na mbwa wa jamii ya collie wengi wana kasoro ya kurithi inayofanya dozi kubwa iingie ubongoni. Tena haiui minyoo mikubwa. Acha.

Bibi Kizee: Mwarobaini na kitunguu saumu mmevisahau? Sisi minyoo tulitoa hivyo.

Jibu: Shikamoo bibi. Ile ya tumboni sawa tubishane, lakini hii iko ndani ya mshipa wa damu, mwarobaini hauifikii. Na kitunguu saumu kwa mbwa kinaharibu chembe nyekundu za damu, tafadhali usimpe.

Chizi Fresh: Dola elfu na ushee kutibu mbwa 😂😂 kijijini kwenu wanajua?

Jibu: Wanajua, mama ndo anaongoza kuuliza hali yake.

Hamisi wa Nyali: Mie niko Mombasa, mbwa wangu akohoa mwezi sasa na amekonda. Yawezekana ni hii?

Jibu: Yawezekana, ila usianzie hapo. Kikohozi kina mambo mengi, na kukonda kwa huko nyumbani mimi ningeanza na homa ya kupe. Mpeleke apimwe damu. Na wakikwambia wameona vitoto vya minyoo kwenye darubini, omba na kile kipimo cha protini, kwa sababu kuna jamaa mwingine, Dirofilaria repens, anakaa chini ya ngozi, vitoto vyao vinafanana na huyo hahitaji sindano hizi za arseniki. Mpaka upate majibu usimkimbize ufukweni.

Neema_Htx: Jumamosi ijayo tuna mahafali Dallas, Kipara wetu kapigwa zile mbili za mwisho wiki iliyopita. Naweza kwenda naye kwenye gari, ni mwendo wa saa nne tu?

Jibu: Wiki ya pili hiyo? Hapana dada. Joto la gari, kelele za ukumbini, watu wote wanataka kumshika. Kliniki nyingi zinapokea mbwa wa kulala, mpeleke kule kule alikochomwa, faili lake wanalo, ila uliza kama akibadilika usiku kuna mtu wa kumwona. Waandikie kwa kalamu nene juu ya kreti kwamba hatolewi uwanjani kucheza na wenzake, maana wafanyakazi wa wikiendi huwa wengine.