Kipanga akimaliza mapema usimuongezee maswali yaleyale

Walimu wenzangu hii hali mnaijua, umeandika maswali 20 ubaoni, hujazunguka hata nusu ya darasa kuna mtoto keshaweka kalamu chini, dakika tano mbele ashaanza kuchokoza wenzie, na wewe unamwambia "umemaliza? haya fanya mengine 10". Mimi nimefanya hivyo miaka, mpaka nikamnasa mmoja kamaliza zamani ila kafunika daftari anajifanya bado anaandika. Kumbe nilishamfundisha kwamba ukiwahi kumaliza unapewa adhabu.

Kwa hiyo kazi ya huyu mtoto unaibadilisha, usiirefushe.

Kwanza jua nani anajua nini. Kabla ya kuanza mada toa jaribio la maswali kumi, yaani yale ambayo ungewapa mwisho wa mada. Aliyepata 9 kumkalisha hapo wiki mbili ni kumpotezea muda tu. Wataalamu wa elimu Joseph Renzulli na Linda Smith wa Marekani waliiweka hii njia kwenye mpangilio tangu miaka ya 1970: unapima, unaondoa anachokijua, muda uliobaki unampa kitu kizito. Na andika mahali amevuka nini maana mzazi atauliza. Jaribio wape WOTE, usichague kwa macho, kuna mtoto mwandiko kama kuku kapita, kusoma kwenyewe anasuasua, mkorofi juu, na ndo kichwa cha hilo darasa.

Huna muda wa jaribio? Weka nyota kwenye maswali matano magumu kuliko yote, anayetaka aanze na hayo, akipata manne bila msaada hayo mengine kasamehewa. Ruhusu kila mtu ajaribu, hapo hakuna atakayesema unapendelea.

Sasa akisamehewa afanye nini? Hapa ndo wengi tunakwama, tunampa kitabu akae kimya. Chukua mada ileile uigeuze kichwa chini. Mfano darasa linajumlisha sehemu, 1/3 + 1/6, yeye mwambie: nitafutie sehemu mbili tofauti, zote namba ya juu iwe 1, zikijumlishwa zilete 1/2. Atahangaika atapata hizo hizo 1/3 na 1/6. Haya, zinazoleta 1/3? Ni 1/4 na 1/12. Zinazoleta 1/4? Atakuja na 1/5 na 1/20. Hapo wewe funga mdomo, usimsaidie chochote, baada ya muda anakuja mbio "tichaa kuna kamchezo hapa!", kwamba namba ya chini unaiongeza moja, halafu hizo mbili unazizidisha unapata ya pili. Muulize kama inakubali kwa namba zote na anajuaje, halafu mchokoze, mbona 1/6 na 1/12 nazo zinaleta 1/4 na haziko kwenye kamchezo kako? Kipindi kitaisha hajachoka, na wewe umetumia sentensi nne tu.

Kwenye lugha ni rahisi zaidi, wenzake wakifupisha hadithi yeye aisimulie upya kwa mdomo wa yule mtu mbaya, bila kubadili tukio hata moja.

Ila jamani msimgeuze mwalimu msaidizi kila siku! Mara mojamoja sawa, lakini kuelekeza wenzie kitu anachokijua tangu juzi hakumuongezei kitu, na mara nyingi hata kuelekeza hawezi maana yeye anaruka hatua, anakwambia "si unaona tu".

Alama nazo ziangalie. Akichagua kazi ngumu akapata 6 na mwenzie wa kazi nyepesi kapata 10, ukiziweka kwenye orodha moja, kesho atachagua nyepesi na utakuwa umemharibu mwenyewe. Kazi ya ziada mpe maoni tu, alama acha. Na jiandae na machozi, nimeona mtoto anachana karatasi kwa kukosa swali moja, hajawahi kukosa huyo hajui inakuwaje, kaa naye pembeni fanyeni swali ambalo hata wewe hulijui jibu lake, akuone unafuta unaanza upya.

Usianze na masomo yote utachoka Jumatano. Somo moja, mada moja, kiswali kimoja kilichogeuzwa, na ukikiandaa kitunze kwenye faili, mwakani watakuja vipanga wengine.